Mchi na Isale

Mdogo wangu alimvunja mumewe mkono kwa mchi wa kinu. Mpaka leo mtu akiniuliza kama alifanya vibaya, namwambia alikosea kitu kimoja tu: alichelewa. Ndiyo, nimesema. Wa kukunja uso na akunje.

Ilikuwa Jumapili mchana, wametoka kanisani. Kisa chenyewe ni chumvi! Mwanamume mzima, ametoka kuimba na kusali, anafika nyumbani anasema makande yamezidi chumvi, anamshika mkewe koo na kumbana ukutani pale jikoni. Na mtoto yuko mgongoni. Sikiliza vizuri: mtoto wa kunyonya yuko mgongoni, amebanwa kati ya mama yake na ukuta. Mdogo wangu aliniambia kwamba alimsikia mtoto akilia, halafu hakumsikia tena, na yeye mwenyewe macho yakaanza kuona giza. Akapapasa, akakutana na mchi. Akaupiga nao ule mkono uliomkaba, ukavunjika, akapumua.

Alikuja kwangu mtaa wa Sakina, ninakoshona nguo, miguu mitupu, alama za vidole shingoni. Mtoto alikuwa mzima, Mungu mkubwa. Sikumuuliza kitu. Nilifunga banda, nikachemsha maji nikamkanda.

Sasa, kwetu Umeruni kuna isale. Ni jani refu la kijani, linaota tu kwenye mipaka ya mashamba. Mtu akikukosea kisha akakuletea isale, huna ruhusa ya kumkatalia msamaha, hata kama moyo unachemka. Isale halikataliwi. Ni desturi nzuri, siibezi, imewazuia watu wengi kushikiana mapanga. Lakini shemeji yangu alilitumia kama tambara la kufutia meza. Akimpiga, anasubiri uvimbe ushuke, anapanda kule kwa wazazi wetu na isale mkononi, baba analipokea, mdogo wangu anafunga mzigo anarudi. Jino liling'oka, isale. Mimba ikatoka, isale! Na sisi tunasema asante, karibuni chai.

Basi Jumamosi iliyofuata walikuja tena nyumbani kwa baba, juu kule ukipandisha kutoka Kikatiti. Alikuja yeye na plasta yake, baba yake mkubwa, na mzee mmoja wa kanisa wa kuwasindikiza. Mama alikuwa amewapikia ndizi na nyama, sahani zimejaa, kana kwamba ni posa. Safari hii hawakuja na isale. Walikuja kulidai.

"Mwanamke hamwinulii mume mkono," baba mkubwa akasema, kijiko kikiwa mdomoni. "Atupe isale, amwombe mwenzake msamaha, arudi leo leo. Asipotaka, sisi hatuna ugomvi. Tutaondoka na mtoto wetu."

Mtoto wetu! Yule yule aliyekuwa anasagwa ukutani. Nilimwona mdogo wangu anavuta kanga, anamkaza mtoto mgongoni.

Mzee wa kanisa naye akakohoa. Akasema wote wamekosa, maana wamepigana, na Mkristo akipigwa shavu hugeuza la pili.

Walipigana wapi? Mtu anakabwa, anajinasua, halafu eti walipigana. Neno hilo moja limewaokoa wanaume wengi kuliko mawakili wote wa mjini. Nikashindwa kujizuia. "Shavu analo la pili, mzee wangu. Shingo anayo moja."

"Wewe nyamaza," baba akanikemea. "Hujaitwa hapa."

Nikafunga mdomo, hasira sikuifunga. Nilimkasirikia shemeji, aliyekaa ameinamisha kichwa kama yeye ndiye mgonjwa wa kuonewa huruma. Nilimkasirikia baba zaidi, maana yeye nampenda. Watu wanafundisha kwamba ubaya haulipwi kwa ubaya, na mimi nimeitikia amina miaka yote. Lakini mbona somo hilo hulisikia anayekabwa tu? Anayekaba wanamfundisha nini, kuchuma majani?

Baba akashusha pumzi. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka na aibu ya kikao. "Mwanangu," akamwambia mdogo wangu, "nenda pale mpakani kachume isale, tuyamalize. Mtoto asije akalelewa bila mama."

Mdogo wangu akainuka. Nikajisemea basi, anarudi, na safari ijayo tutamfuata kwa jeneza. Akafika mlangoni, akasimama, akageuka. Ni mtu wa sauti ndogo tangu utoto, na siku ile bado ilikuwa inakwaruza kwa kukabwa.

"Naenda, baba. Ila kwanza niulize. Siku ile angeniua, isale angemletea nani?"

Mzee wa kanisa aliangalia viatu vyake. Baba mkubwa ndiye aliyejibu, tena haraka haraka, kama mtu anayejua mila zake na hataki kubabaishwa.

"Angewaletea wazazi wako. Ndivyo ilivyo."

"Haya." Akamgeukia baba. "Na wewe, baba, ungelipokea?"

Baba alifungua mdomo. Nilijua anatafuta kusema hapana, maana hata mimi nilikuwa naitafuta hiyo hapana kwa niaba yake. Lakini baba yangu si mwongo. Alimtazama mwanawe shingoni, zile alama zilikuwa zimeanza kugeuka njano.

"Ningelipokea," akasema.

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni. Mama yangu hajawahi kumnyima mgeni hata maji. Akainuka, akaja mezani, akaanza kukusanya sahani mbele ya wageni, zikiwa bado na chakula, akamwacha baba mkubwa na kijiko mkononi.

"Nendeni salama," akawaambia. "Mtoto haendi popote. Na mama yake pia."