Plagi Iliyopigwa Msasa

Fundi wa pikipiki amenipa plagi ndani ya boksi mpya, na kabla sijaifungua nimenusa petroli iliyoungua. Plagi mpya hainuki hivyo.

Nikiwa mtoto, tulimpeleka mama hospitali usiku: nilikuwa nimekaa mbele, juu ya tangi, mama nyuma ya baba, uchungu wa kujifungua umemshika. Pikipiki ikazimika katikati ya mchanga wa mto mkavu. Baba akachomoa plagi aliyouziwa asubuhi hiyo kama mpya, akanipa. Niliishika kwa sketi maana ilikuwa ya moto, ikinuka petroli iliyoungua. Ilikuwa kuukuu, imepigwa msasa ncha tu. Baba alisukuma pikipiki akimtukana fundi mpaka sauti ikakauka. Mama alirudi nyumbani mikono mitupu.

"Madam, huniamini?" fundi ananiuliza sasa. "Boksi si unaiona ni mpya?"

"Boksi naijua," namwambia. "Fungua, wateja wako hawa wanaosubiri waone plagi."