Hesabu ya Kokwa za Tende

Siku ya tatu baada ya kumzika Sarmad, wanawake saba walikaa sebuleni kwa mama yake, Shaista, naye akiwa mmoja wao, wakamwaga kokwa za tende juu ya shuka jeupe. Kila kokwa moja, kalima moja ya La ilaha illallah, kwa ajili ya roho ya marehemu. Mwishoni kila mmoja alitaja idadi yake, Shaista akaandika na kujumlisha.

Jioni ile ile aliwakuta watoto wa shemeji yake wakipiga muziki kwenye kompyuta ya marehemu, ambayo ndiyo aliyojirekodia akisoma Kurani. Akawapokonya. Rafiki wa Sarmad akamwekea kufuli la kuwashia, akamwambia achague namba asiyoweza kuisahau. Akachagua jumla ya kalima.

Akaisahau. Mwaka mzima hakuwa na moyo wa kuisikia sauti ile, na simu ya Sarmad ilisagwa na lori lililomuua. Wiki moja kabla ya hitima ya mwaka aliiwasha kompyuta, ikamdai namba. Karatasi ya hesabu aliianza kwa Bismillahi, kwa hiyo hakuweza kuitupa jalalani. Alikuwa ameshaitia kwenye gunia la karatasi zenye jina la Mungu, akalizamisha mferejini kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama Mwalimu, mashine nitaifungua," fundi Ghazanfar alimwambia. Binti yake alikuwa mmoja wa wasichana ambao Shaista aliwasomesha Kurani. "Kazi ipo kwenye diski. Yule rafiki wa mwanao aliifunga nayo kwa namba ile ile. Hapo mimi na wewe sote tunabisha hodi tu."

"Si ujaribu namba zote?"

"Kila ukikosea mara tano inagoma, mpaka uizime, uiwashe upya. Nikianza leo, jibu utaletewa na wajukuu zangu. Nitafutie namba, mama."

Akazunguka nyumba kwa nyumba, akiwauliza wale wanawake hesabu zao. Bi Parveen hakuhitaji hata kufikiri.

"Elfu sita na mia mbili! Na magoti yangu haya! Zubeda amekwambia ngapi?"

"Elfu mbili."

"Elfu mbili! Yule alikuwa anakula halua, nilimwona kwa macho yangu."

Hatimaye zikapatikana hesabu sita, na yake mwenyewe ikiwemo. Ikabaki ya Bi Hajra, mama mkwe wake, anayeishi naye nyumba moja.

"Mama, siku ile ulisoma ngapi?"

Bibi akauvuta ushungi. "Wenzangu walisoma ngapi?"

"Nauliza zako, mama."

"Sikusoma, mwanangu." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nahamisha kokwa tu, kinywa hakifunguki. Zamu yangu ilipofika nikaona aibu, nikataja namba. Namba gani, wallahi sijui."

Neno kali lilimfika Shaista kooni. Lakini Sarmad alikuwa wa bibi huyu pia. Ndiye aliyembeba mgongoni. "Basi, mama," alisema, akaenda kukaa chooni, mahali pekee palipokuwa na kitasa.

Ghazanfar alichukua zile hesabu sita, akaongezea elfu moja, elfu moja na mia, elfu mbili, kila namba ambayo bibi mwenye aibu angeweza kuitaja. Siku ya tatu alimpigia simu.

"Nisamehe, Mama Mwalimu. Niifute, basi, angalau mashine ipate mtu wa kuitumia?"

"Usiiguse."

Usiku Shaista alijaribu kuikumbuka sauti ya mwanawe kwa nguvu ya kichwa. Maneno ya sura aliyapata yote, lakini sauti iliyoyasoma haikuwa ya mwanawe, ilikuwa yake mwenyewe.

Alhamisi, siku ya hitima, wanawake wakaja. Msikiti ulimleta kijana mwingine kusoma, na alisoma vizuri, mpaka Bi Parveen akalia. Shaista alikuwa jikoni, akisugua sufuria lililokwisha kuoshwa.