Kikopo Kabla ya Dawa

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya akili, Musoma, Muuguzi Mkuu alinikabidhi kikopo cha mkojo. "Huyu ndiye bosi wako," alisema. "Asipojibu, daktari haanzi dawa."

Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, wazazi walipofariki, nikalea wadogo zangu. Kazi ya mhudumu nilijifunza kwa kusikiliza wakubwa. Mgonjwa wa mania, walinieleza, hujaa nguvu kupita kiasi: halali, anaongea bila kituo, anajiona anaweza lolote. Dawa zipo, lakini nyingine huchosha figo au tezi ya shingoni, nyingine ini, nyingine humdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo kwanza tulipima uzito na presha, tukatoa damu. Kila mwanamke wa umri wa kuzaa tulimpima na mimba.

Baadaye nilihamishiwa Bunda. Huko bibi mmoja alimleta binti aitwaye Nyangeta, amefungwa kamba mikononi, anaimba mpaka sauti imekauka.

"Bibi, huyu ana mwanamume?" Daktari wa Wodi aliuliza.

"Hana. Mume ni mimi. Nimemtolea ng'ombe."

Kwetu Mara, mama asiye na mtoto wa kiume huweza kuoa binti amzalie watoto wa mji wake. Mwanamume anayemtembelea binti huyo hatajwi.

"Mchomeni dawa basi," bibi alisihi. "Huwaga halali kabisa. Atanifia huyu."

"Wewe nimeshakuuliza," daktari akamjibu taratibu. "Sasa niuulize mkojo."

Nyangeta hakukubali kukaa. Nikamfungua kamba, nikazunguka naye uani nikiitikia nyimbo zake, kama nilivyozunguka na kitinda mimba wetu alipokataa kulala.

"Dada, una sauti ya chura."

"Ndiyo maana nakuachia wewe uongoze."

Akacheka, akanywa maji, akaongeza. Mwishowe akakichukua kikopo mwenyewe.

Kipimo kilionyesha mimba. Daktari akaiacha dawa aliyoikusudia, akachagua nyingine iliyo salama zaidi kwa mtoto. Bibi alivua kitenge chake cha juu, akamfunika Nyangeta, kisha akaitazama ile kamba sakafuni.

"Kumbe nimewafunga wawili," akasema.

Nilistaafia Butiama. Wahudumu vijana hunilalamikia kwamba ndugu wa wagonjwa hawana subira. Nawaambia wasiwakasirikie. Anayemleta mtu wake na kamba ameshachoka, na anaogopa. Mpeni kiti. Kisha chukueni kikopo, fungueni kamba, mtembee na mgonjwa mpaka awe tayari.