Gloria Kabla ya Krismasi

Pale Kihesa, Iringa, hakuna asiyemjua Veneranda, muuza vitunguu mwenye haraka. Maharage yake huepuliwa yakiwa bado yanagonga meno. Kanisani padre hajamaliza sala, yeye keshasema "Amina", tena kwa sauti ya juu kabisa, maana ndiye tegemeo la sauti ya kwanza kwenye kwaya. Na sauti anayo, tusimnyime haki yake.

Sasa Majilio kwa mtu wa namna hii ni adhabu. Wiki nne za kungoja! Tena wiki hizo sisi Wakatoliki hatuimbi Utukufu kwenye misa ya Dominika. Unawekwa kando mpaka Krismasi. Na Utukufu wa kwaya yao huanzishwa na mtu mmoja anayepaza neno moja tu, "Gloriaaa!", ndipo kinanda na watu wote wanaingia. Mtu huyo ni Veneranda. Mwanamke anaishi kwa ajili ya neno hilo.

Dominika ya kwanza ya Majilio, "Bwana utuhurumie" ilipokwisha tu, likamponyoka. "Gloriaaa!" Peke yake! Kanisa zima likageuka, padre akashika paji la uso.

Mwalimu wa kwaya, Sosthenes, akamngoja nje. "Dada, ukirudia tena kabla ya Krismasi, basi Krismasi ataanzisha Gloria."

"Si ndiyo hiyo, Gloria naanzisha mimi!"

"Namsema Gloria mtu. Yule wa sauti ya pili."

Veneranda nusura azimie. Gloria! Mwanamke ambaye hata akiita bajaji, bajaji haisikii!

Akaapa kuvumilia. Dominika ya pili aliingia na pipi ya kifua mdomoni, mambo yakapita salama. Ya tatu akajaza maji mdomoni tangu mlangoni, mashavu yamemvimba kama mtoto mwenye matubwitubwi. Akina mama wakamsalimu, "Kamwene," akawajibu kwa nyusi. Alikonda kwa kunyamaza, maskini.

Ikaja ya nne. Mishumaa yote minne ya shada la Majilio inawaka, na shada lenyewe limewekwa jirani na kwaya. Gloria kaja na kilemba kipya cha lesi kutoka Mbeya, kirefu, kimesimama kama mnara wa simu. "Bwana utuhurumie" ilipokwisha, akainama kuokota kitabu chake kilichodondoka. Ncha ya kilemba ikagusa mshumaa. Ikaanza kufuka moshi.

Aliyeona ni Veneranda peke yake. Jamani, mwoneeni huruma! Akamfinya mwenzake wa kulia. Mwenzake akadhani anahimizwa kusali, akafumba macho. Akanyoosha kidole, Sosthenes akamkazia jicho, thubutu! Moto ukashika.

"Gloriaaaaa!"

Hakuna binadamu wa Kihesa aliyewahi kulipandisha neno lile juu vile. Didas wa kinanda, kwa mazoea, akabonyeza. Kwaya ikaingia. Waumini wakaingia. Padre akaja mbio na ndoo ya maji ya baraka, akammwagia Gloria yote, huku kanisa zima likiimba utukufu kwa Mungu juu mbinguni.

Baada ya misa Sosthenes hakutaka kusikia la mtu.

"Nilikuwa naita mtu!" Veneranda akalia, machozi ya kweli.

"Umeita kwa sauti ya wimbo. Didas hata hakuhangaika kutafuta ufunguo wa muziki. Krismasi anaanzisha Gloria, nimemaliza."

Gloria, katota chapachapa, akamtazama Veneranda, kisha akakamua kilemba kilichobaki nusu.

Krismasi ikafika. "Bwana utuhurumie" ikaisha. Sosthenes akamnyooshea Gloria mkono. Gloria akavuta pumzi, kisha akafunga mdomo. Sosthenes akamnyooshea tena. Kimya. Padre akakohoa. Didas vidole vinamwelea hewani juu ya kinanda. Gloria anatazama dari tu, utadhani anahesabu mbao.

Dominika mbili Veneranda kazimudu kwa pipi na maji. Kimya kile hakukiweza.

"Gloriaaaaa!"

Kanisa likalipuka kwa wimbo, watu wakasahau hata kukaa. Sosthenes akamgeukia Gloria, kafura. "Wewe! Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja niitwe, Mwalimu," akasema Gloria.