Nyani Tuliyempaka Chokaa

Nyani dume alinasa mguu kwenye mtego wa mjomba wangu, pembeni ya shamba la mahindi kule Mitole. Kundi lake lilikuwa limeshamaliza nusu ya shamba, na nusu iliyosalia ndiyo ingetuvusha hadi mavuno mengine. Mjomba alikuja na rungu.

"Usimuue," nilisema.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo, kichwa kimejaa sokwe. Nilikuwa nimesoma kwamba huvua mchwa kwa vijiti, kwamba mama hubeba maiti ya mwanawe siku nyingi, na kwamba watafiti waliokwenda msituni kuwatazama walirudi hawajui tena mpaka kati yetu na wao upite wapi. Nilimweleza mjomba yote hayo. Nyani si sokwe, lakini vidole vyake viliikamata kamba kama ambavyo vyangu vingeikamata.

"Shikamoo, msomi," mjomba akasema. "Basi mwambie huyo ndugu yako alime."

Nikamkumbusha njia ya wazee: mnyama hupakwa chokaa, huachiwa, na wenzake wakimwona hukimbia wasirudi. Mjomba akafikiri, akatupa rungu. Tulimbana shingo kwa panda ya mti. Aliniuma kiganja. Nilimpaka kwa mkono uleule, damu na chokaa vikichanganyika, nikijiona mwenye huruma.

Tulipokata kamba aliwakimbilia wenzake moja kwa moja, kama mtoto anayerudi nyumbani. Majike walipiga kelele. Madume hawakukimbia. Watatu walimrukia, wakampasua uso na tumbo. Hakujitetea. Aliwageuzia makalio, ile salamu yao ya unyenyekevu, na wao wakaendelea kumrarua.

Hilo nalo nilikuwa nimelisoma. Sokwe humwendea jirani kwa kundi, wakamshika mikono na kumpiga hadi afe. Niliandika ukurasa mzima juu yake. Kwa mjomba nililinyamazia, kwa sababu nilitaka wafanane nasi kwa mema tu.

Kundi likatokomea msituni. Yeye akabaki, matumbo mchangani, akipumua. Mjomba akaokota rungu, akanipa.

"Wewe ndiye uliyemwombea."

Pigo la kwanza halikutosha. La pili nilipiga nimefumba macho. La tatu niliyafumbua, maana alikuwa amenishika kifundo cha mguu. Alipotulia, mjomba aliinama akavibandua vile vidole, kimoja kimoja, taratibu, kama anavyojibandua mikono ya wanawe wanapomlalia shingoni.

Nyani hawakurudi. Mahindi tuliyavuna, na mimi nikayala.