Vizazi vya Nyumba za Udongo

Iko siku moja ya ile miaka ya vita, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo uso unanichoma kwa aibu. Nakusimulia kwa sababu karibuni unaingia shule ya kuchora majengo, na mimi babu yako nilianzia hapa hapa Kisangani, nikiwa na miaka ishirini na minne na kichwa kigumu kuliko jiwe la mtoni.

Bomu lilikuwa limeanguka kwenye nyumba ya uzazi ya mtaa wetu, akina mama wakawa wanazalia kwenye baraza za watu. Njia ya mto ilikuwa imefungwa, saruji haikuonekana. Tulikuwa na matofali ya kuchoma tu na mabati tuliyookota kwenye magofu. Wazee wa mtaa wakaniita mimi, kijana pekee aliyejua kuchora, wakasema: tujengee nyingine.

Nilichora kwa siku mbili. Nyumba nzuri, mwanangu! Madirisha mapana upande wa jua, paa la bati limelala chini, kama nilivyoona kwenye gazeti moja la Ulaya. Fundi mwashi wetu, Tonton Ramazani, yaani mjomba wa mtaa mzima, mzee wa zile familia za Kiislamu za zamani, aliitazama karatasi akakuna ndevu.

"Umechora ngapi?"

"Moja, tonton. Bon, kama ya kwanza iko muzuri, ya pili ni ya nini?"

Akaikunja karatasi akanirudishia. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu siku ile lilikuwa mahututi.

Tukajenga. Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Neema, mke wa rafiki yangu. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, nami nimesimama nje nikingoja sifa. Mlango ukafunguka, wanawake wakamtoa amezimia, na mtoto mchanga nyuma yake, mwekundu kama pilipili, sauti yake ndogo sana. Wakawalaza kivulini wakawapepea. Mkunga, Mama Feza, akanijia jasho likimtiririka hadi kwenye viwiko.

"Weye mutoto," akasema mbele ya wote, "nyumba yako iko muzuri kwa macho. Kwa mugongo ya mama mwenye kuzaa, iko tanuru. Uliuliza nani?"

Mama na mtoto walipona, Mungu ni mwema. Mimi nilijifungia ndani siku tatu.

Aliyenitoa ni Tonton Ramazani. Alinipakia kwenye baiskeli yake mpaka msitu wa Masako. Askari njiani walitupekua mifuko wakatuacha. Huko akanionyesha vichuguu. Kivulini vilikuwa vifupi, vyenye kofia kama uyoga, mvua inateleza juu yake. Mashambani penye jua vilikuwa virefu. Akapasua kimoja kilichohamwa, nikaona ndani njia nyembamba za hewa, mamia.

"Nani alichorea muchwa pulani?" akauliza.

"Hakuna mutu, tonton."

"Voilà. Kila mumoja anaweka udongo yake pale anakuta mwenzake ameweka. Ile mubaya, mvua inabeba. Ile muzuri inabakia, na watoto wao wanaanzia pale. Weye ulitaka kumaliza kwa siku mbili kazi ya mababu wangapi?"

Tuliporudi, tulifinyanga uani kwake vijumba kumi na viwili, hakuna kilichofanana na kingine. Vilipokauka, asubuhi moja tuliweka ndani ya kila kimoja kijiko cha mafuta ya mawese yaliyoganda, tukaviacha juani. Mafuta yalipoyeyuka haraka, kijumba tulikivunja. Mvua nayo ikavunja vingine. Vikabaki vinne. Basi tukavifungisha ndoa, mwanangu! Paa la hiki, ukuta wa kile, tukapata watoto kumi na wawili, kila mmoja tumemgeuza kidogo: tundu limepanda, ukuta umenenepa. Jua na mvua vikachagua tena. Mama Feza naye alikuja, akakataa kimoja kilichoshinda vyote. "Hapa nitapitisha kitanda wapi?" Nilikuwa nakipenda. Tukakivunja.

Kizazi cha sita ndicho tulichojenga. Sikuwahi kuchora kitu kama kile: dari ya udongo, bati limeinuliwa juu yake, matundu ya chini yakivuta hewa ya kivulini, ya juu yakitoa joto. Ile yangu niliibomoa kwa mikono yangu, tofali kwa tofali. Mikono iliuma, moyo uliuma zaidi. Lakini Mama Neema alipozaa tena, humo, mchana wa jua, aliniita dirishani: "Fundi, leta kitenge ingine, baridi inanipiga." Sijapata sifa tamu kuliko hiyo.

Juzi umenionyesha kompyuta yako inavyofungisha ndoa nyumba kwa nyumba, vizazi elfu kabla chai haijapoa. Nilifurahi kweli, ni kazi yetu ile ile, imepewa mbio. Ila mashine huchagua kwa kipimo ulichoipa. Ukiipa uzuri wa macho peke yake, itakuletea tanuru zuri kupita yote. Kwa hiyo usifunge ndoa na mchoro wako wa kwanza. Zaa mingi, uwe tayari kuivunja, na kabla hujachagua umuulize atakayelala ndani. Kuuliza si ujinga. Na siku utakapoaibishwa mbele ya watu, maana itakuja, usijifungie siku tatu kama mimi. Moja inatosha.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio jepesi zaidi. Akuzungushie walimu wasiokubembeleza. Na kila mlango utakaoujenga, aingiaye na hofu atoke na furaha mikononi.