Maganda ya Lorna Beaudry

Kwa miaka kumi na tisa, hakuna mtu katika mji wa Corliss Fork, Montana, aliyeangusha kondoo wa chuma kumshinda Arvid Stensrud. Theluji ikishayeyuka, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wanachama wa klabu ya kulenga shabaha walipanga kwenye mteremko kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo, wote wa chuma, kisha wakasimama kwa mbali na kuwalenga kwa bastola zao. Arvid, fundi mstaafu wa ghala la ngano, alipiga wa mwisho na kurudi nyumbani akiwa mshindi wa kwanza. Ndipo akatokea Lorna Beaudry.

Kilichomkereketa zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Lorna alikuwa dereva wa basi la shule. Mumewe alipofariki alimwachia bastola nzito ya silinda, na risasi za dukani zilikuwa hazishikiki kwa bei, basi akamwendea Arvid amwonyeshe namna ya kujaza risasi upya nyumbani. Arvid alimwonyesha: kusafisha maganda ya shaba yaliyokwishapigwa, kuyarudisha kwenye umbo lake, kupachika kiwashio kwenye kitako, kupima baruti, kushindilia risasi kwenye mdomo wa ganda. Alimpa yote isipokuwa maganda mazuri. Ya chapa ya Garnock, ambayo yeye aliamini ndiyo shaba bora kuliko zote, alijiwekea. Lorna alipewa ndoo ya maganda ya kuokota uwanjani, mengi yakiwa ya Widdel, chapa ambayo klabu nzima iliidharau.

"Hayo yanakutosha kwa kujifunzia, bibie," alimwambia.

"Ahsante, mwalimu," Lorna akajibu, na jina hilo la mwalimu likabaki.

Msimu wa tatu Lorna akaanza kumshinda. Shindano la kwanza kwa kondoo mmoja, la pili kwa watatu. Wendell Pruitt, muuza nyama, hakuiachia nafasi hiyo ipite. "Arvid, naona siku hizi mwanafunzi ndiye anayekusahihishia daftari," alisema mbele ya watu wote. Arvid alicheka pamoja nao, lakini kicheko kiliishia menoni. Nyumbani alikisukuma kando kipande cha mkate wa tufaha aliokuwa akiupenda, akamwambia mkewe Marlys kwamba yule mwanamke lazima ana maganda ya siri anayoagiza kutoka mbali.

"Si umuulize?" Marlys akasema.

"Mimi? Nimuulize yeye?"

Hakumuuliza. Alimchunguza. Bastola ya silinda haitupi maganda chini. Mpigaji huyamwagia kiganjani, na Lorna aliyamimina moja kwa moja kwenye mfuko wa aproni kabla mtu hajaona chapa. Hata hilo Arvid aliliona kuwa ni ujanja. Alipomsikia akiimba kwa sauti ya chini huku akisafisha bastola, roho ilimuuma kama amechomwa mwiba.

Mwezi Agosti, juma moja kabla ya shindano kubwa la mwaka, springi ya mlango wa gereji ya Lorna ilikatika. Akamwomba Arvid amtengenezee, akamwachia ufunguo kwa kuwa yeye alikuwa na madereva wenzake kwenye mafunzo ya kabla shule hazijafunguliwa. Arvid aliitengeneza springi kwa nusu saa. Kisha akasimama mbele ya meza ya Lorna ya kujazia risasi.

Katikati ya meza palikuwa na chupa kubwa ya maganda ya Widdel. Arvid aliguna kwa dharau. Lakini nyuma kabisa ya rafu, pembeni ya kopo la rangi, aliona chupa ndogo ya Garnock, kila ganda limetiwa doti nyekundu kwenye kitako. Kumbe ndiyo haya, alijiambia. Ameyachagua moja moja, akayaficha. Akahesabu hamsini, akayatia kwenye sanduku lake la vifaa, akafunga mlango, akaacha ufunguo chini ya chungu cha maua kama alivyoagizwa.

Nyumbani aliifuta rangi kwa spiriti. Aliyajaza yote siku ile ile, kwa pupa, bila kuyapima unene, kazi ambayo kwa maganda yake mwenyewe hakuiruka hata siku moja.

Siku ya shindano alianza vizuri kwa kuku. Kwenye nguruwe risasi zikaanza kwenda chini bila sababu. Akalaumu upepo na macho yake. Kwenye kondoo, waliohitaji baruti nyingi, alipiga mara tatu. Ya nne silinda ikakataa kuzunguka. Msimamizi alikuja, wakaifungua kwa shida. Mshtuko wa bastola kurudi nyuma ulikuwa umeivuta risasi moja mbele ndani ya ganda lake, kwa sababu ganda halikuishika sawasawa, na ncha yake ikachomoza na kuikwamisha silinda. Maganda yakamwagwa mezani.

Lorna, aliyekuwa kwenye kituo cha jirani, alisogea kusaidia. Akaokota ganda moja, akaligeuza. Spiriti haikufika ndani ya herufi za chapa. Wekundu ulikuwa umebaki humo kama uchafu wa kucha. Alilitazama, akamtazama Arvid, akalirudisha mezani taratibu. Kisha akaenda akaangusha kondoo wake tisa kati ya kumi.

Arvid hakungoja matokeo. Jumatatu alimfuata kwenye yadi ya mabasi, akamkuta akiosha vioo. Arvid alikuwa na maganda yale hamsini kwenye mfuko wa karatasi.

"Nimekurudishia vitu vyako," alisema.

Lorna hakuupokea mfuko. "Hayo aliyaacha mume wangu, nikayatenga, mwalimu. Yamechoka. Midomo yake ni myembamba, hayashiki risasi. Doti nyekundu ni ya kunikumbusha nisiyatumie."

"Kwa hiyo unapiga na nini?"

"Na yale ya Widdel uliyonipa wewe. Yanachelewa kung'aa, na viwashio vinaingia kwa nguvu mpaka mkono unauma. Lakini shaba yake ni nene mdomoni. Nilipima chapa zote za ndoo ile, majira mazima ya baridi."

Aibu ilimshika Arvid, lakini haikuwa ya kwanza kufika. Kilichotangulia, hata pale, ni kijicho: kwamba ameitupa shaba hiyo miaka kumi na tisa, na huyu ameigundua kwenye ndoo ya takataka zake.

"Ungeniuliza ningekwambia," Lorna akasema. "Nilikuwa nangoja uniulize. Nilitaka sana kukuonyesha."

Arvid alimwomba msamaha, kwa maneno machache na mabaya. Lorna akasema amemsikia, akarudi kwenye vioo vyake.

Mkutano wa klabu uliofuata, Arvid alisimama akaeleza mwenyewe alichofanya. Wendell, ambaye kila mtu alimtarajia atie neno, aliinamisha kichwa. Wanachama walimsimamisha asishindane msimu mzima, naye hakubisha. Majira ya baridi alikaa na kipimo chake, akipima chapa moja baada ya nyingine, akimwambia Marlys mambo ambayo Marlys hakuyaelewa.

Aliporudi, Lorna alimshinda tena. Safari hii alimwita kwa jina lake, Arvid, si mwalimu. Arvid akampa mkono, akamwuliza mbele ya watu anakaza mdomo wa ganda kiasi gani. Lorna alifikiri kidogo, akamweleza. Alieleza kirefu, na Arvid akasikiliza hadi mwisho, huku kile kijicho cha zamani kikiwa naye vile vile.